Sifuri Kwenye Kila Swali

Orest Hnatiuk aliingia kliniki siku ya kwanza akiwa amekwisha kuamua kwamba mwanamke atakayemkuta humo ndani hatapata kwake hata neno moja la maana. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na saba, shingo fupi, mabega ya gogo, na kwa miaka thelathini na miwili alikuwa akiendesha treni za ngano kwenye nyanda za Manitoba, huko Kanada. Barua ya kampuni ilikuwa mfukoni mwa koti, imekunjwa mara nne. Ilisema ahudhurie vikao vinane kwa mshauri wa afya ya akili, la sivyo hatapanda tena kichwa cha treni.

Sababu ya barua hiyo ilijulikana mji mzima wa Dauphin. Mwezi wa tisa, mchana kweupe, kijana mmoja aitwaye Curtis Lavallee alijaribu kuvuka mbele ya treni ya Orest pale barabara ya mashamba inapokata reli. Hakuwahi; treni ikamgonga, akafa. Uchunguzi ulisema dereva wa treni hana kosa: honi ilipigwa, breki zilifungwa, na mabehewa mia na ishirini ya ngano hayasimami kama baiskeli. Orest alipumzika wiki mbili, akarudi kazini, kila mtu akamsifu kwa ukakamavu. Mwezi wa kumi na moja, kwenye chumba cha mapumziko, mbele ya wenzake, akampiga ngumi ya mdomo Wendell Crozier, msaidizi wake kwa miaka sita, meno mawili yakalegea. Alipoulizwa kwa nini, alisema Wendell ana mdomo mrefu. Wendell alipoulizwa alisema nini, alitema damu kwenye sinki, akajibu, "Muulizeni yeye."

Hivyo ndivyo alivyojikuta, katikati ya Januari, kwenye kiti cha plastiki, koti limejaa theluji, akijaza fomu. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa usingizi? Ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umejiona huna thamani? Umewaza kwamba ni heri ungekufa? Kila swali lilitaka namba, kuanzia sifuri mpaka tatu. Orest aliandika sifuri zote bila kupumua, kama karani anayegonga mihuri.

Mshauri aliitwa Thora Bjarnason. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa sweta la sufu lililochakaa viwiko, na pua yake ilikuwa nyekundu kwa mafua.

"Karibu, Bwana Hnatiuk. Kaa popote."

Orest alichagua kiti kilicho karibu na mlango.

"Nikwambie kwanza mambo yanavyokwenda," Thora alisema. "Unayoyasema humu yanabaki humu. Isipokuwa mambo matatu. Ukiniambia unataka kujiua, ukiniambia unataka kumdhuru mtu, au kwamba kuna mtoto anaumizwa, hapo sitanyamaza. Na jaji akiamuru, pia."

"Hayo ni manne."

"Basi manne."

"Na kampuni?"

"Kampuni itapata barua inayosema ulikuja au hukuja. Zaidi ya hapo haitapata kitu."

"Basi andika leo kwamba nimekuja mara nane, kila mtu aende kwake. Una mafua, ukalale."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Yote mawili."

Orest alimtazama juu mpaka chini. "Una miaka mingapi wewe?"

"Thelathini na minne."

"Binti yangu ana thelathini na mmoja. Nimemfunga kamba za viatu huyo. Sasa wewe utanifundisha nini mimi?"

"Sijui bado," Thora alisema. "Ndiyo kwanza umekaa."

Baada ya hapo Orest alifunga mdomo. Alidhani mwanamke yule atahangaika kuujaza ukimya kwa maswali, kama Tamara binti yake anavyofanya kwenye simu. Thora hakuhangaika. Alikaa, akapenga kamasi, akakaa. Dakika arobaini zilipita, na Orest akagundua kwamba kunyamaza ukiwa peke yako ni jambo moja, na kunyamaza mbele ya mtu anayekusubiri ni jambo jingine kabisa. Alitoka jasho kama aliyebeba magunia.

"Zimebaki dakika tano," Thora alisema mwishowe. "Kuna jambo sitaki likushtue. Watu wengi wakianza kuzungumza, kikao cha pili au cha tatu, wanaona mambo yanazidi kuharibika. Usingizi unachafuka, hasira zinapanda. Huwa inapita. Lakini wengi hukimbia hapo hapo."

"Mimi sijaanza kuzungumza."

"Sawa. Jumanne, saa nne asubuhi."

Nyumbani, Lesia mkewe alikuwa akisukuma donge la unga kwa ajili ya maandazi ya viazi ya kanisani. Hakugeuka.

"Ehe, Baba Tamara. Umemwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Na yeye?"

"Ana mafua."

Lesia alilipiga lile donge mezani. Tangu mwezi wa kumi alikuwa akilala kwenye chumba cha Tamara, kwa sababu Orest alikuwa akipiga mateke usingizini na kuamka shuka zimelowa. "Miaka thelathini na mmoja nakuuliza una nini, unaniambia huna kitu. Sasa mgeni ndiye ataambiwa. Mimi niendelee kufua mashuka."

"Nimekwambia sikusema kitu."

"Utasema. Huyo atakuchokonoa mpaka useme. Mimi nitapata habari zako kwa majirani, kama kawaida."

Kikao cha pili Thora alikuwa amepona mafua na fomu ilikuwa juu ya goti lake.

"Nimesoma hii. Umeandika sifuri kwenye kila swali."

"Ndiyo."

"Hata mimi sipati sifuri kwenye kila swali. Wiki iliyopita sikulala siku mbili kwa kukohoa."

"Labda wewe ndiye unayehitaji mshauri."

"Ninaye," alisema Thora. "Umepitia njia gani kuja hapa leo?"

Orest alijibu bila kufikiri. "Nimezungukia darajani."

"Kutoka kwako? Hiyo ni mbali."

"Kilomita kumi na nane zaidi, si kitu."

"Barabara ya moja kwa moja ina nini?"

Hapo ndipo Orest alipoona amekwisha kunaswa. Barabara ya moja kwa moja ilipita pale pale inapokatana na reli. Hakuwa ameipita tangu mwezi wa tisa, na hakuna aliyelijua hilo, hata Lesia. Alisimama.

"Wewe mwanamke ni mjanja. Unatega watu kama sungura."

"Nimeuliza njia tu."

"Nataka mtu mwingine. Mwanamume, mtu mzima, anayeijua reli. Si mtoto aliyesoma vitabu."

"Ni haki yako," Thora alisema, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Si kila mshauri anamfaa kila mtu, na watu wanabadilisha kila siku. Kuna mmoja mjini Winnipeg. Foleni yake ni wiki kumi na moja. Nimpigie sasa hivi?" Alikuwa ameshainua simu.

Orest alipiga hesabu kichwani. Wiki kumi na moja, halafu nane. Angekuwa nyumbani mpaka mbegu zinapandwa, akimtazama Lesia, Lesia akimtazama.

"Weka simu chini."

"Una hakika?"

"Nakaa kwa sababu ya foleni. Si kwa sababu yako."

"Inatosha," Thora alisema.

Wiki hiyo hiyo, kwa ushauri wa Thora, alikwenda kwa daktari wao wa familia, akaandikiwa vidonge. Alivimeza siku nne. Mdomo ulikauka kama gunia, tumbo likavurugika. Siku ya tano Lesia alivikuta kwenye pipa la taka, chini ya maganda ya viazi, akaja navyo sebuleni na kumwekea mapajani, maganda na yote.

"Hivi ni nini?"

"Havifanyi kazi."

"Siku nne? Daktari alisema wiki nne mpaka sita, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Na alisema usiviache ghafla, kama vinakusumbua umrudie."

"Si wewe unayevimeza."

"Mimi nameza mengine," Lesia alisema. "Nenda kamwambie havikufai, akubadilishie. Kutupa ni tabia ya mtoto."

Hawakusemezana siku mbili. Siku ya tatu Orest alirudi kwa daktari, amenuna, mikono imefumbatwa kifuani. Daktari hakumgombeza. Alipunguza kipimo na kumwambia anywe asubuhi baada ya chakula, si akiwa na njaa.

Kadi ilifika siku moja kabla ya kikao cha tatu. Orest aliitupa juu ya meza ya Thora kabla hata ya kuvua kofia. Ilikuwa na picha ya njiwa, na ndani, kwa mwandiko wa kutetemeka, mama yake Curtis Lavallee alikuwa ameandika kwamba yeye na familia yake wamemsamehe, na wanamwombea.

Thora aliisoma. "Imekufanyaje?"

"Anisamehe nini?" Orest hakukaa. Alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, chumba kikawa kidogo. "Nimemkosea nini mimi? Mwanawe ndiye aliyenijia. Treni haikati kona. Kasisi ananiambia si kosa lako, Orest. Polisi, si kosa lako. Kampuni, si kosa lako, tena kwa maandishi. Halafu anakuja huyu ananisamehe. Ukisamehewa maana yake ulikosa."

"Umemkasirikia."

"Simkasirikii mama wa watu. Mama maskini." Akasimama. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha mlango, na aliyoyasema baada ya hapo aliyaambia ule mlango. "Namchukia mwanawe. Namchukia mpaka natetemeka."

Alingoja aambiwe asiseme hivyo. Thora alisema, "Endelea."

"Marehemu hachukiwi."

"Nani kakwambia?"

Orest aligeuka. Uso ulikuwa umemwiva. "Aliniona. Alikuwa na kofia nyekundu na miwani ya jua, akageuza shingo, akaniona. Na mimi nikamtukana. Mpumbavu wewe, nikamwambia. Mpumbavu wewe. Hilo ndilo neno la mwisho aliloambiwa hapa duniani."

"Hakulisikia."

"Mimi nililisikia."

Kisha yaliyobaki yakatoka, si kwa machozi kama watu wanavyodhani, bali kwa matusi na kwa meno kusagana. Treni ilikwenda zaidi ya kilomita moja ndipo ikasimama. Sheria inataka msaidizi ateremke arudi nyuma kwa miguu akaangalie, na dereva abaki kwenye redio. Wendell aliteremka. Orest alitoa taarifa, akaambiwa asubiri. Alisubiri. Halafu akafungua mfuko wa chakula.

"Nikala sandwichi," alisema. "Yote. Soseji na haradali. Mtu amekufa mbele ya macho yangu na mimi natafuna. Na ilikuwa tamu, unasikia? Wendell akarudi, ana matapishi kwenye koti, akanikuta napangusa makombo."

Thora aliirudisha kadi mezani.

"Mwezi wa kumi na moja akawaambia watu, Orest akigonga mtu hupata njaa. Wakacheka. Hawakujua wanacheka nini."

"Ndipo ukampiga."

"Ndipo nikampiga."

"Mwili ukipigwa na jambo kubwa kama hilo, hauombi ruhusa," Thora alisema. "Kuna wanaocheka. Kuna wanaosinzia. Wako ulikula."

"Unasema tu kunifariji."

"Sijakufariji. Ningekuwa nakufariji ungeniona nimesogeza sanduku la tishu."

Orest alichukua kofia yake, akatoka dakika saba kabla ya muda, akaubamiza mlango mpaka mwanamke wa mapokezi akasimama.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote. Hakulala. Alimfokea Lesia kwa sababu ya kijiko. Alimkatia Tamara simu. Jumatatu mchana alipiga kliniki kusema haji tena, na yule mwanamke wa mapokezi akamwambia kwa sauti baridi kwamba zimebaki chini ya saa ishirini na nne, kwa hiyo itaandikwa hakuhudhuria, na kampuni itaarifiwa. Orest alimwambia yeye na kliniki yake waende wanakokujua. Kesho yake saa nne kasorobo alikuwa kwenye kiti cha plastiki.

"Umerudi," Thora alisema.

"Nimelazimishwa."

"Hali yako?"

"Mbaya. Furahi."

"Ulikuwa umeambiwa."

"Ndiyo maana nina hasira zaidi," Orest alisema, na kwa mara ya kwanza akakaa kwenye kiti cha mbali na mlango.

Kikao cha tano alipewa kazi ya nyumbani. Aende pale barabara inapokata reli, aegeshe gari kando, akae dakika kumi bila kuondoka, hata moyo ukimwenda mbio. Asiende peke yake.

"Niende na nani?"

"Unaishi na nani?"

Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa Februari, jua kali juu ya theluji. Lesia aliendesha. Njia nzima alikuwa akinung'unika kwamba yeye sasa amekuwa dereva wa mtoto wa shule. Alipofika aliegesha, akazima injini, akatazama saa.

"Dakika kumi, karatasi yako inasema. Kaa."

Kando ya barabara palikuwa na msalaba wa mbao wenye maua ya plastiki na kofia nyekundu iliyoganda barafu. Orest alikuwa akihema kama mbwa. Dakika ya pili akasema, "Lesia."

"Nini."

"Siku ile nilikula sandwichi."

"Sandwichi gani?"

"Uliyonifungia. Kijana amekufa, Wendell yuko chini anamtafuta, mimi nimekaa juu nakula."

Lesia aligeuka akamtazama. Kisha akauliza, "Umemwambia yule wa kliniki?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu." Aliuachia usukani, akaushika tena. "Miezi mitano nalala chumba cha mtoto, nikidhani umenichoka, nikidhani una mwanamke, kumbe ni sandwichi."

"Unacheka?"

"Sicheki. Nimekasirika sijui nikufanyeje." Na kweli machozi ya hasira yalikuwa yakimtoka. "Uliporudi siku ile, nikaukuta mfuko mtupu, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nikasema, Mungu wangu, angalau amekula. Ndilo jambo pekee lililonipa nguvu siku ile. Na wewe umelificha kama umeiba."

Orest alifungua kinywa amjibu, na hapo treni ikasikika. Ilitokea magharibi, honi ikalia mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu, vile vile alivyopiga yeye siku ile. Alishika kitasa cha mlango. Lesia akamshika mkono wa koti kwa nguvu zote, kama anayemzuia ng'ombe.

"Umeambiwa usikimbie."

"Niache."

"Sikuachi."

Mabehewa yakapita, na yakapita, gari likitetemeka. La mwisho lilipokwisha Orest alifungua mlango, akainama nje, akatapika kwenye theluji. Lesia alisubiri amalize, akampa kitambaa.

"Bado dakika nne," alisema.

Wakakaa zile dakika nne. Siku ile Lesia hakuhama kutoka chumba cha Tamara, wala wiki ile. Alirudi chumbani kwao mwezi wa tatu, na akaja na blanketi lake mwenyewe, akisema mateke bado yapo.

Vikao vinane vilikwisha, na Orest akaomba vinne vingine, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa dukani. Vidonge aliendelea navyo. Mei alirudishwa kazini, kwanza kwenye uwanja wa kupanga mabehewa, na baadaye kwenye njia kuu, na msaidizi mpya, kwa sababu Wendell alikuwa ameomba zamu nyingine.

Jumapili moja alikwenda nyumbani kwa Wendell kuomba radhi. Wendell alifungua mlango nusu, akamsikiliza mpaka mwisho, uso mkavu.

"Meno yamekaza," alisema. "Hayo yamekwisha. Lakini siku ile wewe ulikaa juu, mimi niliteremka. Miezi minane, hujaniuliza hata siku moja niliona nini."

Orest alisimama pale kibarazani. Hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Kwenye vikao vyote alivyokaa, Wendell alikuwa mdomo tu.

"Uliona nini?"

"Usiniulize kwa kuwa nimekwambia uniulize." Akafunga mlango.

Jumapili iliyofuata Orest alirudi, akabisha, na mlango haukufunguliwa ingawa gari lilikuwepo. Ya tatu ulifunguliwa. Wendell alitoka na koti lake mkononi, akampita bila salamu, akaketi kwenye ngazi. Orest akaketi ngazi moja chini yake.

"Ukinikatiza," Wendell alisema, "nakurudishia yale meno."

"Sitakukatiza."

Wendell alitazama barabara muda mrefu. Orest alinyamaza, mikono magotini, akimngoja. Kisha Wendell akaanza kumweleza, tangu aliposhuka ngazi ya mwisho ya kichwa cha treni, na kuanza kutembea kurudi nyuma, akihesabu mabehewa.